Platini haitoki kwenye mafuta, nimekosea wapi?

Mutoto wa Katuba (Lubumbashi)

Jambo bandugu. Miaka kumi na moja nimefanya shaba, zamu ya usiku, kwenye matangi ya kuchanganya na kutuliza. Nikisikia pampu tu najua oganiki (mafuta yenye kemikali ya kushika metali) imepungua. Sasa nimeingia kwenye platini, imeniaibisha.

Nilikusanya kwa mafundi wa eshapoma (bomba la moshi la gari) zile kauri za katalisti, zenye platini ndani, zenye matundu kama sega la nyuki. Nikazisaga, nikazichemsha kwenye asidi hidrokloriki na peroksidi ya hidrojeni (kwa labo ya rafiki, chini ya kivuta moshi, musinigombeze). Maji yakawa kama chai kavu. Nikachukua oksimu, kemikali ile ile ya kushika shaba, ndani ya mafuta ya taa, nikatikisa dakika tano. Kimya. Nikaiacha usiku mzima: mafuta yakawa njano kidogo tu.

Nikahamia amini, kemikali nyingine ya kushika metali. Rangi ikapanda mara moja, nikafurahi, halafu katikati likatokea tabaka la tatu, zito kama asali. Nikajaribu kuvua, yaani kuitoa platini kwenye mafuta irudi majini, kwa asidi sulfuriki gramu 180 kwa lita, kama tunavyovua shaba. Haitoki hata tone.

Yaya Dekanta (Kolwezi)

Mdogo wangu, shaba imekuzoesha vibaya. Shaba kwenye asidi sulfuriki ina chaji chanya: inaingia kwa oksimu, oksimu inaachia hidrojeni, basi. Platini yako imevaa klorini sita, na jumla yake ni hasi mbili. Oksimu ishike nini hapo? Amini inaishika kwa sababu ndani ya asidi amini yenyewe inakuwa chanya.

Ile njano ya usiku ni paladi, metali ndugu ya platini. Yenyewe oksimu inaiweza, ila inaachia klorini zake pole pole mno, dakika tano ni bure. Tena asidi yako ni ya nguvu gani? Kama uko kwenye mol 6 kwa lita, unapakia na kupakua kwa wakati mmoja, maana asidi ya namna hiyo ndiyo inayovua paladi kwenye oksimu. Shusha hadi mol 1 hivi. Na uchemshe kwanza mpaka peroksidi iishe, la sivyo itakula oksimu. Hata kule Acton, London, kampuni ya INCO ilitumia kemikali nyingine kwa paladi, sulfidi ya dioktili, nayo ni mvivu vilevile. Walifanya kwa mafungu, si kwa mtiririko kama wetu.

Tabaka la tatu ni chumvi ya amini, haipendi mafuta ya taa matupu. Tia isodekanoli (aina ya alkoholi), asilimia tano hadi kumi. Na chunguza chuma: kwenye asidi kali kinavaa klorini nne, kinakuwa hasi, kinapanda basi moja na platini. Ukipunguza asidi, kinashuka chenyewe.

Fundi Ruashi

Mimi nimesoma mpaka hapa nikakumbuka eshapoma ngapi nimeuza kwa kilo kama chuma chakavu. Nalala mapema leo.

Mutoto wa Katuba

Yaya, ilikuwa mol 6 kweli. Aksanti. Lakini platini iliyokwisha kuingia kwenye amini naitoaje? Na yale maji yaliyobaki nilikuwa karibu kuyamwaga.

Mama Labo (Lubumbashi)

Usimwage! Rodi, ndugu mwingine wa platini, iko humo. Ukipunguza asidi, inabadilisha baadhi ya klorini kwa maji, na amini haiitaki tena. Weka kwenye chupa, andika tarehe.

Platini ivue kwa soda kali (hidroksidi ya sodiamu): amini inapoteza chaji, inaachia mzigo. Kisha rudisha asidi hidrokloriki, chemsha, tia kloridi ya amonia, utaona unga wa njano ukishuka. Kemikali ya tiourea nayo inavua vizuri sana, lakini baadaye kloridi ya amonia haitakushushia kitu. Nimepoteza wiki nzima hapo.

Huo unga wa njano usiuache ukauke wazi mezani. Chumvi za platini zenye klorini zinaleta pumu, na ikishakushika, hata chembe kidogo inakurudishia kikohozi. Mask, glavu, kivuta moshi.

(Kwa wanaosema paladi ni ya Wazungu na magari yao: Musonoi, pale Kolwezi, kuna madini yenye paladi, shaba na seleni, yanaitwa oosterboschite.)

Mutoto wa Katuba

Narudi baada ya siku tisa. Asidi mol 1, paladi kwanza kwa oksimu, saa sita za kutikisa na mkono umevimba. Halafu amini na isodekanoli: tabaka mbili safi, mstari kama umekatwa na wembe. Nikavua kwa soda, nikarudisha asidi, nikadondosha tone kwenye karatasi na kloridi ya bati juu yake. Ikawa nyekundu ya damu: platini ipo. Chupa ya rodi iko kabatini, tarehe nimeandika, Mama.