Fundi wa pampu ya maji Nakuru amenimalizia injini na bado anadai pesa

Wasee leo mtanivumilia, nina hasira hata chai haishuki.

Gari ni Fielder, injini 1NZ. Pampu ya maji ilikuwa inadondosha kulanti (maji ya kupooza injini) kwa kile kitundu cha chini na puli ukiishika inacheza. Hapo hakuna ubishi, hiyo ni sili ya ndani na beringi zimeisha, ni kubadilisha tu. Nikanunua pampu mpya, gasketi yake na kulanti ya pinki, nikapelekea fundi mmoja upande wa Shabab mwenye watu wanamsifu sana.

Jameni. Gasketi mpya nimeipata bado iko kwa boksi!! Jamaa amepaka silikoni nyekundu kama mtu anapiga nyumba plasta, tena juu ya mabaki ya gasketi ya zamani, hata hakukwangua. Sasa pampu itakaa aje flati hapo? Na ile silikoni inajibana ikaingia ndani, inakatika vipande inaenda kuziba njia za radieta, zile zenye ni nyembamba hata ukucha hauingii. Nimefungua kifuniko nikaona vipande vyekundu vinaelea.

Tamostati nayo ametoa. Ati "boss hizo ni za nchi za baridi." Sasa injini itafika joto lake saa ngapi kama hakuna kitu ya kuzuia maji mpaka yafike digrii 82 hivi? Ndio unaona gari inakunywa mafuta na hujui kwa nini. Kulanti yangu nayo sijui iliendea nani, ndani kuna maji ya mfereji.

Lakini kenye kimeniua ni hewa iliyobaki ndani ya njia za maji. Kutoa hewa si ufundi wa ajabu, injini ikiwa baridi unaacha radieta wazi, unawasha, heita unaweka moto mwisho, unaongezea maji yakishuka mpaka mapovu yaishe na fani ijiwashe. Ni kungoja tu! Yeye alijaza, akafunga, "iko sawa boss, jaribu barabara."

Nimepita Salgaa napanda Mau Summit heita ikaanza kupuliza baridi, kabla nipate mahali pa kuegesha taa nyekundu imewaka na moshi umejaa boneti. Na huko juu maji hayangoji digrii 100, presha ikitoka tu yanachemka kwa 92 hivi. Saa hii oili ni nyeupe, imeingiwa na maji, hedi gasketi (ile ya kati ya hedi na bloku ya injini) imeenda.

Nikampigia simu, anasema pampu nilinunua ni feki na nilete ingine, leba ni ile ile. Feki?? Nimeifungua, inazunguka poa na haina mchezo hata kidogo. Silipi hata bob.

Mwenye anajua mahali Nakuru, ama hata Kisumu, wanapima hedi kama imepinda na kuiskim (kuichonga kwa mashini iwe flati) vizuri, aseme hapa na bei. Na tafadhali asiniambie nijaribu "fundi wake wa karibu".