Mrejesho: skrini ya 4K ukumbini, tumehamia faiba

Wakubwa, salamu toka Lubumbashi. Niliuliza hapa kuhusu ukumbi wetu wa harusi wa Katuba: kompyuta iko kwa fundi wa muziki, skrini iko jukwaani, mita 20 katikati. Waya wa HDMI (wa picha na sauti) wa shaba ulibeba 1080p (HD ya kawaida) vizuri, ila tukiweka 4K (yenye nukta mara nne ya hizo) picha inamwaga vitone vyeupe, mara giza. Wengi mlisema nihamie faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo unaobeba picha kwa mwanga.

Nimehamia, na kazi imekaa sawa. 4K kwa 60 Hz (picha 60 kwa sekunde) inataka njia ya hadi Gbps 18 (biti bilioni 18 kwa sekunde), na shaba kwa umbali ule inachoka. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo haujali umbali huo, hata waya wa jenereta ukipita pembeni.

Mnaotaka kununua, angalieni vichwa viwili vya waya. Kimoja ni cha kompyuta, kina chipu inayogeuza umeme kuwa mwanga. Kingine ni cha skrini, kinarudisha mwanga kuwa umeme. Ukichomeka kinyume, skrini inabaki nyeusi na utamlaani muuzaji bure. Chipu hizo zinakula volti 5 za tundu la HDMI lenyewe. Adapta yetu ya kutoa HDMI kwenye tundu la USB-C ilishindwa kuzilisha. Tulipochomeka moja kwa moja kwenye tundu la HDMI la kadi ya picha ya kompyuta, ikawaka papo hapo.

Bei inauma, sifichi. Kama ni mita 3 tu, baki na shaba yako. Na waya wa faiba msiukunje kwenye kona kali. Sisi tumeupitisha darini kwa mzunguko mpana, mbali na viti na viatu vya wacheza rumba.