Mrejesho: kunguru wa shamba la mahindi, njia ya Kipushi

Asanteni sana wakubwa. Niliuliza namna ya kuvuta kunguru wanaofukua mahindi na karanga zinazoota, ili mwenye kibali cha bunduki awapate karibu.

Kilichosaidia ni kunguru bandia sita wa mbao, wameelekezwa upepo unakotoka, maana kunguru hutua akiukabili upepo. Mmoja awekwe juu ya mti, kama mlinzi. Rangi isiwe ya kung'aa: ikimetameta juani, ndege hugeukia mbali. Kifua na shingo vipakwe nyeupe, ndivyo walivyo wa hapa Lubumbashi.

Chambo ni matumbo ya kuku na mayai yaliyopasuliwa, maganda yaonekane kutoka juu. Kiwekwe upande usiopandwa, la sivyo mnawaita kwenye miche yenyewe! Mpigaji ajifiche mita 20 hadi 25, jua likiwa mgongoni, uso umefunikwa. Kunguru aliyeanguka chali mgeuzeni upesi, kwani wenzake wakiona kile kifua cheupe kimetazama juu hawashuki tena.

Sumu msitie kamwe. Inaua mbwa, kuku na mwewe anayetuwindia panya. Jioni ondoeni mabaki yote.