Dawa ya saratani ya matiti ikikataa, mlibadilishiwa nini? Tupeane uzoefu

BintiKisauni
Salaam aleikum. Leo nimemsindikiza khaleti yangu kliniki, daktari katazama sikani akasema letrozoli, kile kidonge cha kuzuia homoni, imekataa, kuna kitu kwenye ini, tutabadilisha dawa. Njiani kote hakunena, adhani kubadilishiwa ndo mwisho. Mliopitia hapa mlipewa nini? Niambieni nimsomee.

MamaWatatu_Bamburi
Pole mwanangu. Mwambie mie nishabadilishiwa na bado nakaanga mahamri alfajiri. Nilianza tamoksifeni, baadaye letrozoli, sasa niko sindano za fulvestranti, mbili kwa mpigo kila mwezi, tako huku na tako huku. Zauma wallahi lakini natembea.

JomvuKuu
Mke wangu vivyo hivyo. Yuko.

DawaZaAsili
Chemsheni majani ya mstafeli anywe kutwa mara tatu. Hizo kemo ni biashara ya watu.

KijanaWaLikoni
Binti umenitonesha. Tulikuwa kwenye feri na mamangu twavuka asubuhi, watu wamejaa vile mjuavyo, mara akaanza kuhema, midomo imegeuka rangi, kanikamata mkono ataka kusema hawezi, nami napiga kelele watu wampishe hewa na feri ndo kwanza iko katikati ya maji. Kufika kisiwani vijana wa tuktuk wakatubeba bila kuuliza pesa, Mungu awalipe. Hospitali wakasema pafu limezungukwa na maji, wakayatoa kwa sindano yakapelekwa maabara, na hapa ndo nataka msikie vizuri: saratani yake ya kwanza ilikuwa HER2 negativu, yaani haina kwa wingi ile protini inayoichochea ikue, miaka yote katibiwa kwa dawa za kuzuia homoni. Hii iliyorudi ikasoma HER2 pozitivu!! Adui kashabadilisha nguo na sisi twamtafuta kwa kanzu ya zamani. Akaanzishwa Herceptin, dawa ya kuizuia hiyo HER2, pamoja na kemo, moyo wapimwa kwa eko, ile picha ya mawimbi ya sauti, kila miezi mitatu maana hiyo dawa yaweza kuuchosha. Kule tulikokuwa mwanzo walikuwa wakibadilisha vidonge tu bila kupima upya, hilo lanikera mpaka leo.

Mwembetayari_Queen
Subhanallah, kwenye feri!! Mama yuko?

KijanaWaLikoni
Yuko alhamdulillah. Juzi kanituma mbaazi.

NesiMstaafu
Kijana kasema lililo kubwa. Binti, muulize daktari biopsi mpya ya hapo kwenye ini, yaani kinyama kidogo kitolewe kwa sindano kipimwe, na alama za homoni ER na PR pamoja na HER2 zisomwe tena. HER2 ikija 2+ hiyo si ndiyo wala si hapana, yataka kipimo kingine cha jeni. Kama ER bado ipo, kuna fulvestranti na vidonge kama Ibrance, na anayemeza Ibrance asile balungi, lapandisha dawa kwenye damu. Kama kazaliwa na hitilafu ya jeni ya BRCA kuna vidonge vya olaparibu. Na wewe wa mstafeli, mie nimeosha vidonda vya wanawake walioacha dawa wakanywa majani. Usimpoteze mgonjwa wa watu.

DawaZaAsili
Nyinyi mwatetea kampuni. Babu zetu walitibu nini?

NesiMstaafu
Nionyeshe mmoja tu aliyepona kwa majani peke yake, na karatasi za maabara. Nasubiri.

JomvuKuu
Atasubiri sana huyo. Binti, mke wangu yuko Xeloda, kemo ya vidonge, wiki mbili ameza, moja apumzika. Viganja na nyayo zachubuka, apake mafuta mapema asingoje vidonda. Na ameze akishakula, si tumbo tupu.

Mwembetayari_Queen
Mie nasema asisome mambo ya mitandaoni kabisa, amuachie daktari.

MamaWatatu_Bamburi
La, asome aulize! Daktari ana foleni, wewe una mwili mmoja.

PwaniTu
Na bei jamani? Sisi tuliuza kiwanja.

KijanaWaLikoni
Herceptin imeshuka. 2025 serikali ya Kenya ilikubaliana na Roche, kampuni inayoitengeneza, dozi ya shilingi 120,000 ikawa 40,000 na SHA, bima ya afya ya serikali, ndo yalipa. Hakikisha michango ya khaleti iko sawa kabla hujaenda.

BintiKisauni
Nimemsomea yote. Kauliza moja tu, hiyo biopsi ya ini yauma?

MamaWatatu_Bamburi
Wapigwa ganzi, wahisi kusukumwa tu. Baadaye atalazwa ubavu wa kulia masaa kadhaa, kwa hivyo achukue leso, na wewe ukae naye umpigishe stori.