Majibu ya Shangazi

Baba Mdogo: Wanangu, tumetoka kliniki na shangazi yenu. Kile kifuko cha nyongo walichotoa kwa ajili ya vijiwe kimekutwa na saratani. Sasa wanataka kumpasua tena wakate na kipande cha ini. Ini limeingiaje hapa?

Rehema: Shikamoo Baba Mdogo. Poleni jamani. Kifuko kimelala chini ya ini, kimeshikana nalo. Ukuta wake mwembamba, na upande unaogusa ini hauna ule utando wa nje. Saratani ikivuka msuli wa kifuko, jirani wa kwanza ni ini. Hata vishipa vyake vya damu vingine vinaingia moja kwa moja kwenye ini.

Juma: Kwa hiyo ana saratani ya ini?

Rehema: Hapana Juma. Hata ikikutwa huko bado ni ya kifuko cha nyongo, na inatibiwa hivyo.

Baba Mdogo: Karatasi imeandikwa T2.

Rehema: Hiyo T inaonyesha saratani imezama kiasi gani ukutani. T2 imevuka msuli, lakini haijatoboa nje wala kuingia kwenye ini. Ingekuwa T1a, yaani haijafika kwenye msuli, kutoa kifuko kungetosha. Kwa T2 wanakata sehemu ya ini kilipokuwa kimekaa, na wanatoa tezi za limfu. Tezi ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Saratani ikisambaa humo, inaanzia tezi iliyo shingoni mwa kifuko, inafuata mrija wa nyongo, inapita nyuma ya kongosho, hadi zilizo kando ya mshipa mkuu wa damu tumboni. Ikifika hizo za mwisho, kupasua hakumsaidii tena.

Mama Asha: Mimi naogopa. Watu wanasema saratani ikiguswa na kisu inatawanyika.

Rehema: Mama, kisu hakiitawanyi hivyo. Ila kifuko kikipasuka wakati wa kutolewa, nyongo inamwagika na seli zinaweza kuota kwenye utando wa tumbo. Baba Mdogo, ripoti ya operesheni inasemaje?

Baba Mdogo: Ngoja nivae miwani.

Baba Mdogo: Kilitoka kizima, hakikupasuka.

Mama Asha: Alhamdulillahi.

Rehema: Afadhali sana! Macho yake yamekuwa ya manjano? Mkojo je, umekolea?

Baba Mdogo: Hapana, macho meupe.

Rehema: Basi hakuna dalili ya mrija kuziba. Kabla ya kumpasua lazima apigwe CT, ile picha ya mashine ya ndani ya mwili, ya tumbo na kifua, maana kwa njia ya damu inaweza kufika mapafuni. Wamempangia lini?

Baba Mdogo: Alhamisi asubuhi.

Rehema: Naomba ruhusa kazini leo hii. Nitaenda naye.