Bango la vidakuzi lina kitufe kimoja tu, mgeni wa Ujerumani kagoma

mama_wa_boti:
Wakuu, habari za jioni. Nina boti mbili hapa Mwanza, napeleka wageni Saanane na kuwapitisha Jiwe la Bismarck jua likizama. Nimetengenezewa tovuti yenye Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani, bei kwa shilingi na yuro. Jana mgeni wa Ujerumani kaniandikia: nafasi ataweka kwa simu, tovuti haigusi, eti inamfuatilia kabla hajakubali. Nimeifungua nikisubiri kivuko cha Kamanga. Chini kuna bango, "Tunatumia vidakuzi", na kitufe kimoja: "Sawa". Basi. Mie hilo neno nilidhani ni mambo ya udaku. Kijana aliyeitengeneza anasema tovuti zote ndivyo zilivyo, Wazungu wana makuu tu. Ni kweli?

fundi_nyakato:
Dada, kwenye udaku hujakosea sana. Kidakuzi ni kijimaandishi ambacho tovuti inakiacha kwenye simu ya mtu. Akirudi, simu inakionyesha, tovuti inamtambua. Ni kama kikaratasi cha namba unachopewa ukiacha mzigo stendi. Kile kinachokumbuka mteja kachagua boti ipi na saa ngapi hakihitaji ruhusa. Kasheshe ni vya takwimu na matangazo. Fungua tovuti yako kwenye dirisha la faragha, bango usiliguse, bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani uone orodha. Ukikuta _ga (cha takwimu za Google) au _fbp (cha matangazo ya Facebook), mgeni wako hajakuonea.

mama_wa_boti:
Nimetumia kompyuta ya mwanangu. Zipo zote mbili! Hiyo _ga inakwisha muda mwakani. Mgeni mwenyewe analala Mwanza siku mbili.

kirumba_sheria:
Dada, huyo kijana asikudanganye. Sheria ya data ya Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inamfuata hata aliye nje ikiwa anawauzia watu walioko kule, na wewe una Kijerumani na bei za yuro. Mwaka 2019 mahakama yao ilisema hata kisanduku kilichowekwa tiki tayari si ridhaa. Ufaransa nao waliitoza Google yuro milioni 150 kwa sababu kukubali kulikuwa kubonyeza mara moja, kukataa mara kadhaa. Wewe kukataa hakupo kabisa! Na usidhani ni mambo ya kwao tu, hapa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023.

fundi_nyakato:
Aweke "Kataa" yenye ukubwa uleule wa "Kubali", na hizo mbili zisubiri jibu. Au azitoe kabisa, na bango nalo liondoke. Kwani hizo takwimu huwa unazisoma?

mama_wa_boti:
Hata siku moja. Nimemwambia azitoe. Kalalamika kwamba sasa sitajua wageni wangu wanatoka wapi. Nikamjibu huwa nawauliza wakivaa maboya.