Virusi huoteshwaje maabara?

Binti wa Langoni, Lamu:
Asalaam aleikum. Hapa kwetu chikungunya ya 2004, ile homa ya virusi iletwayo na mbu, bado yasimuliwa, jinsi ilivyoingia karibu kila nyumba. Mwalimu wa baiolojia ametufundisha kwamba kirusi hakili wala hakizaani nje ya seli. Basi maabara hukiotesha vipi? Hukilisha nini?

Fundi wa maabara, Malindi:
Waleikum salaam mwanangu. Mwalimu wako amesema kweli. Kirusi hatukilishi, tunalisha seli, kisha kirusi kinaziingia.

Zinazotumika sana ni seli za Vero, za figo ya tumbili, zilizoanzishwa Japani mwaka 1962 na zaendelea kugawanyika mpaka leo. Hushika chini ya chupa bapa, tabaka moja, zimefunikwa na maji yenye sukari, chumvi, amino asidi na seramu kidogo ya ndama, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe zake. Joto nyuzi 37. Tunamwaga maji yale, tunaweka seramu ya mgonjwa, tunaacha kama saa moja virusi vishike, halafu tunaongeza maji mapya. Siku chache baadaye, chini ya hadubini, seli zilizokuwa zimetandaa huwa zimejikunja, zimekuwa duara, zinabanduka. Nampenda mwanafunzi anayetulia hapo akatazama. Kazi yote hufanywa ndani ya kabati maalumu la usalama, si mezani wazi.

Chikungunya huota pia kwenye seli za mbu, nyuzi 28, ila hizo mara nyingi hazionyeshi madhara, lazima uthibitishe kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi.

Mwalimu mstaafu, Mambrui:
Msisahau mayai. Goodpasture na Woodruff waliotesha kirusi cha ndui ya kuku ndani ya yai lenye kiinitete mwaka 1931. Chanjo ya homa ya manjano hadi sasa hutengenezwa hivyo, ndiyo maana kabla ya sindano huulizwa kama mayai yanakudhuru.

Binti wa Langoni:
Shukran ami, shukran mwalimu. Lakini PCR ikishajibu, kuotesha kwa nini?

Fundi wa maabara, Malindi:
PCR huona vinasaba hata vya kirusi kilichokufa. Kikiota, ujue ni hai, tena unacho cha kutosha kukichunguza. Virusi vya pwani yetu vya 2004 vilipolinganishwa na vya visiwa vya Bahari ya Hindi vya mwaka uliofuata, vilionekana ni ukoo mmoja. Hilo ni jambo kubwa, na limetokana na damu ya watu wa Lamu na Mombasa.

Ila damu ichukuliwe siku za mwanzo za homa na isafirishwe kwenye baridi. Baada ya wiki hivi, mara nyingi hubaki kingamwili tu, na hapo hakuna cha kuotesha.